Kutafuta kazi mpya Bujumbura: je, ushuhuda waweza kuzidi undugu?

Katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, swali la kazi haliulizwi na vijana waliomaliza shule peke yao. Linaulizwa pia na watu wazima waliokuwa na kazi jana na leo hawana: dereva wa pikipiki aliyezuiwa kuingia mjini, mwanamke aliyekuwa na meza sokoni, fundi aliyerudi kutoka ukimbizini na kukuta gereji yake ina mwenyewe mwingine. Wote hao wana ujuzi. Wanachokosa ni namna ya kumfanya mtu asiyewajua auamini ujuzi huo.

Uchambuzi huu unatazama njia za kutafuta kazi ambazo zimejaribiwa na kuonekana kusaidia, hasa katika miji ya Afrika, na kuuliza zinamfaa vipi msemaji wa Kiswahili wa Bujumbura.

Kazi zilizopotea kwa siku moja

Cibitoke tunayoizungumzia hapa ni mtaa wa tarafa ya Ntahangwa, jirani na Mutakura na Ngagara, wala si mji wa jina hilo ulioko kaskazini-magharibi mwa nchi. Wakazi wake wengi wamekuwa wakiishi kwa biashara ndogondogo, ufundi, uchukuzi na vibarua. Kazi za namna hiyo zina sifa moja: zinaweza kutoweka ghafla, bila taarifa na bila kiinua mgongo.

Tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Waliopoteza si wenye maduka tu, bali pia wapagazi, mafundi cherehani, mama lishe na vijana waliokuwa wakiuza kwa niaba ya wengine. Baadhi yao walihamia masoko ya mitaani, kama lile la COTEBU; wengine hawakuinuka tena. Miaka miwili baadaye, Aprili 2015, mgogoro wa kisiasa ulizuka, na Cibitoke ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoshuhudia maandamano na hofu kubwa. Mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, Rwanda, Kongo na Uganda. Walioanza kurejea tangu mwaka 2017 wamelazimika kuanza upya. Kisha Machi 2022, serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli za kubeba abiria katikati ya jiji na katika maeneo mengi yanayolizunguka, ikitaja ajali za barabarani. Maelfu ya vijana waliona njia yao ya kipato ikifungwa.

Matukio hayo matatu hayafanani kwa chanzo, lakini yanafanana kwa matokeo. Mtu hakufukuzwa kwa kosa lake, na alipoondoka hakuondoka na karatasi yoyote inayosema alifanya kazi gani, kwa muda gani, na kwa uaminifu wa kiasi gani.

Takwimu rasmi nazo hazimwoni vizuri mtu huyu. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki inayopimwa hahesabiwi kuwa hana ajira. Anayeuza mandazi asubuhi huku akitafuta kazi ya udereva mchana ana kazi kwa mujibu wa kipimo hicho. Ndiyo maana nchi maskini yaweza kuonekana kuwa na ukosefu mdogo wa ajira ilhali mitaa yake imejaa watu wanaotafuta.

"Usipokuwa na mtu, hupati"

Ukiuliza barazani jinsi kazi inavyopatikana, jibu ni lilelile: lazima uwe na mtu. Hilo si la Burundi pekee. Wafaransa huliita piston, Wakenya na Watanzania huliita kujuana. Wala si uongo. Upendeleo upo, na hongo ipo. Lakini ndani ya msemo huo mmoja mna mambo mawili tofauti ambayo yafaa kutenganishwa.

La kwanza ni kubebwa: kupewa kazi kwa sababu ya damu, chama au fedha, hata kama huiwezi. La pili ni kushuhudiwa: mtu aliyekuona ukifanya kazi kumwambia mwajiri kwamba unaiweza. Mwajiri anayetaka dereva au mhasibu anaogopa mambo mawili, wizi na uzembe. Asipokuwa na njia ya kuwapima watu mia moja walioomba, humchukua yule ambaye mtu anayemwamini amemsemea. Mara nyingi kinachoonekana kwa mbali kuwa ni undugu, kwa karibu ni hofu ya mwajiri kukosea. Na hofu hiyo yaweza kupunguzwa na mtu ambaye si ndugu.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilichunguza jambo hili mapema miaka ya 1970 katika mji wa Newton, jimbo la Massachusetts. Aliwauliza wafanyakazi waliopata kazi kupitia watu wanaowajua: je, mtu aliyekupasha habari mlikuwa mkionana mara ngapi? Takriban asilimia 17 tu walisema walikuwa wakionana mara kwa mara. Asilimia 56 walikuwa wakionana mara mojamoja, na asilimia 28 kwa nadra sana. Mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuata mwenendo wa watu milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn kwa miaka mitano, na ukaonyesha jambo linalokaribiana na hilo: watu wa mbali kiasi ndio waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Sababu yake inaeleweka hata bila takwimu. Majirani wa barabara moja ya Cibitoke wanasikia habari zilezile, wanakwenda soko lilelile, na nafasi ikitokea huigombania wote. Yule uliyefanya naye kazi miaka minane iliyopita, ambaye sasa yuko bandarini au Gitega, anasikia usiyoyasikia wewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayetafuta kazi yampasa aandike orodha ya watu wa namna hiyo: mabosi wa zamani, wateja, walimu wa staji, wenzake wa ukimbizini, wasambazaji wa bidhaa. Na anapowapigia simu asiseme "nitafutie kazi," maneno ambayo humtwisha mtu mzigo. Aulize jambo dogo linalojibika: "Pale mlipo, nani anashughulikia madereva? Naweza kutaja jina lako?"

Neno moja katika tangazo

Sisi tunaotafsiri matangazo ya kazi kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili hukutana na maneno mawili yanayojirudia karibu katika kila tangazo: expérience avérée. Si uzoefu tu, bali uzoefu uliothibitika. Msomaji wengi huliruka neno hilo la pili na kuhesabu miaka. Lakini mwajiri hakuuliza miaka peke yake. Ameuliza pia: nani anathibitisha?

Hapo ndipo watu wengi wa Cibitoke huishia. Mtu ametengeneza injini kwa miaka kumi, lakini bosi wake alimlipa mkononi kila Jumamosi, hakumwandikisha katika hifadhi ya jamii, INSS, na hakumpa mkataba. Anapofika mbele ya ofisi ya uajiri, miaka kumi inakuwa sifuri. Methali yetu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la ajira methali hiyo humdanganya mtu mwema. Chema kisichoonekana hakijiuzi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi juu ya jambo hili unatoka Afrika Kusini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wachumi walituma wasifu wa waombaji kwa waajiri, wengine ukiambatana na barua ya mwajiri wa zamani, wengine bila barua. Wenye barua waliitwa na waajiri kwa asilimia 61 zaidi. Katika jaribio la pili, watafuta kazi walihimizwa kuomba barua hizo na kuzitumia. Kiwango cha ajira miongoni mwa wanawake kiliongezeka maradufu. Barua hizo zilimsaidia zaidi yule ambaye waajiri wamezoea kutomtazama.

Mjini Addis Ababa, vijana wa pembezoni mwa jiji walijaribiwa kwa misaada ya aina mbili. Kundi moja lilipewa nauli ya kwenda katikati ya jiji, mahali ambapo matangazo ya kazi hubandikwa. Jingine lilifundishwa kuandika maombi na kujibu maswali ya usaili, kisha likapimwa ujuzi na kupewa cheti cha matokeo. Mwanzoni misaada yote miwili iliwasaidia kupata kazi zilizo bora zaidi. Baada ya miaka minne, waliopewa nauli hawakuwa na tofauti kubwa na wengine, ila waliofunzwa kuuonyesha ujuzi wao walikuwa wakipata mapato ya juu zaidi.

Jinsi ya kuipata barua

Kwa walioajiriwa kwa mkataba, desturi ya sheria za kazi zilizorithiwa kutoka Ubelgiji na Ufaransa ni kwamba anayeondoka hupewa hati inayotaja tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na aina ya kazi. Maofisini huitwa attestation de services rendus. Idaiwe siku ya kuondoka, si miaka mitatu baadaye wakati kampuni imefungwa au meneja amehama nchi. Na mhusika aombe, juu ya hati hiyo kavu, mistari michache ya ushuhuda.

Kwa walio wengi ambao hawakuwa na mkataba, njia bado ipo. Fundi mkuu wa gereji, mwenye duka, mmiliki wa pikipiki aliyekuwa akipokea hesabu kila jioni, mteja aliyeshonewa sare za shule mwaka hadi mwaka: kila mmoja wao ni shahidi halali. Ikiwa shahidi hana wakati au hajui kuandika, mhusika mwenyewe aiandae barua, amsomee kwa sauti, arekebishe atakachosema, kisha shahidi atie saini au alama ya kidole.

Barua nzuri ni fupi na ina mambo manne. Kwanza, shahidi ni nani na anamjua mwombaji kwa sababu ipi. Pili, kazi iliyofanyika, kwa tarehe. Tatu, tendo moja au mawili yanayoweza kukaguliwa: "alikabidhi hesabu kila siku kwa miaka minne bila upungufu" kuna uzito kuliko "ni mchapakazi na mwaminifu." Nne, namba ya simu ya shahidi, ambaye ameambiwa mapema kwamba huenda akapigiwa. Iandikwe kwa Kifaransa ikiwa inakwenda ofisini, na nakala ya Kiswahili ibaki kwa shahidi ili ajue alichokitilia saini. Asiongeze mwaka hata mmoja ambao hakufanya kazi. Simu moja ya mwajiri ikigundua uongo, barua yote inageuka kuwa ushahidi dhidi ya mwenye nayo.

Kiswahili: mali inayofichwa

Kuna sababu ya pekee ya jamii ya Waswahili wa Bujumbura kulizingatia jambo hili. Kwa miaka mingi jina Mswahili limebeba, katika baadhi ya vinywa vya mji huu, maana ya mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Mwombaji kutoka Buyenzi au Cibitoke huenda akabeba mzigo huo kabla hajafungua kinywa. Dhana haiondolewi kwa kubishana nayo kwenye usaili. Barua ya mtu mwingine anayesema "nilimwachia funguo za duka" ina nafasi nzuri zaidi ya kuiondoa.

Wengine wameamua kuificha lugha yenyewe. Katika wasifu huandika Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kidogo, na Kiswahili hawakitaji, wakidhani ni lugha ya sokoni. Huo ni upotevu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Jumuiya ya SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022, mwaka uleule ambao Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam. Mkataba wa ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati, itakayoiunganisha Burundi na Tanzania, ulitiwa saini Januari 2025. Kampuni za uchukuzi, mawakala wa forodha, mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Kongo na wauzaji wa jumla wanahitaji watu wa kuzungumza na Kigoma na Dar es Salaam bila mkalimani.

Lakini hapa pia kusema tu hakutoshi. "Kiswahili: vizuri sana" huandikwa na kila mtu. Anayeweza kuandika barua rasmi, kujaza hati ya mizigo au kutafsiri kikao aseme hivyo waziwazi na aambatishe kielelezo.

Mpango wa wiki

Bujumbura ya leo ina gharama nyingine inayomchosha mtafuta kazi: usafiri. Tangu uhaba wa mafuta uanze kuwa wa mara kwa mara, foleni za mabasi zimekuwa sehemu ya maisha, na wakazi wa kaskazini wengi huenda mjini kwa miguu. Kila safari ina thamani, na safari isiyo na mpango ni hasara.

Utafiti mwingine wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2019, uliwaomba baadhi ya watafuta kazi waandike mpango wa kina: siku gani, wapi, maombi mangapi. Hawakutumia muda mwingi kuliko wenzao, ila walituma maombi kwa asilimia 15 zaidi, wakapata ahadi za kazi kwa asilimia 30 zaidi, na uwezekano wao wa kuajiriwa ukapanda kwa asilimia 26. Kilichobadilika ni mpangilio: walitumia njia nyingi badala ya moja.

Kwa mkazi wa Cibitoke, mpango kama huo waweza kuwa hivi. Siku moja ya kusikiliza matangazo ya redio, kusoma gazeti na mbao za ofisi za umma. Siku moja ya kuwapigia simu watu wa mbali. Siku moja ya kwenda mjini, ofisi nne au tano zilizo karibu, na maombi yaliyoandikwa kwa kila ofisi, si nakala moja ya kutawanya. Siku moja ya kutafuta barua ya ushuhuda. Siku zinazobaki ni za kibarua, kwa kuwa familia lazima ile. Daftari dogo litunze tarehe, jina la aliyepokea maombi, na siku ya kuuliza tena.

Tahadhari

Penye wahitaji wengi hapakosi matapeli. Kanuni iliyo salama ni hii: anayekuuzia kazi hana kazi ya kukupa. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba mawakala binafsi wa ajira hawapaswi kumtoza mfanyakazi ada. Hilo lina uzito zaidi kwa wanaotazama Ghuba. Mwaka 2021 Burundi na Saudi Arabia zilitia saini makubaliano kuhusu wafanyakazi wa Burundi, wakiwemo wa majumbani, ili safari hizo zipite katika njia inayosimamiwa. Anayetaka kwenda aulize kama wakala anatambuliwa na serikali, ausome mkataba katika lugha anayoielewa kabla ya kusaini, aache nakala kwa familia, na akumbuke kwamba pasipoti ni yake.

Mipaka ya juhudi

Yote haya hayazalishi ajira ambazo hazipo. Utafiti mkubwa uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watafuta kazi waliosaidiwa walipata kazi haraka zaidi, lakini kwa kiasi fulani walizipata kwa kuwatangulia wenzao wasiosaidiwa. Mahali penye nafasi chache, mbinu nzuri hubadilisha nani anaingia kuliko idadi ya wanaoingia. Hoja hiyo ni ya haki, na haiiondolei serikali wala wawekezaji wajibu wao.

Hata hivyo, nani anaingia si jambo dogo. Mwajiri akiweza kumtambua fundi wa kweli, kazi inakwenda kwa anayeiweza, na aliyezoea kuachwa nje kwa jina lake, mtaa wake au kwa kuwa ni mwanamke anapata nafasi ya kupimwa kwa alichofanya. Kwa hiyo wito wa mwisho si kwa watafuta kazi, ambao wameshaambiwa mengi, bali ni kwa waliowahi kuwaajiri. Mwenye gereji wa Cibitoke, mwenye duka wa Buyenzi, mama aliyekuwa na binti wa kazi nyumbani kwa miaka mitano: karatasi moja na dakika kumi zatosha kuandika yale unayoyajua. Kwako huenda ni jambo dogo, ilhali kwa yule uliyemwona akifanya kazi kila siku, barua hiyo yaweza kuwa cheti cha kwanza maishani mwake.